Mlango wa Uani

Ukiuliza kampuni ndogo ya intaneti huku Temeke ina njia ngapi za kuifikia ruta yake ikigoma usiku, utaambiwa mbili. Ya kwanza ni mtandao wenyewe. Ya pili haimo kwenye mchoro, lakini kila mtu ofisini anaijua: ni kijana wa miaka 24 anayeamshwa kwa simu saa 9 usiku, anapanda bodaboda akiwa na laptopu mgongoni na waya wa konsoli mfukoni, anatoka Tandika mpaka Boko kwenda kuandika mstari mmoja wa amri.

Siandiki kumsifu kijana huyo. Amesifiwa vya kutosha. Kila ofisi ina hadithi ya shujaa wake aliyevuka Jangwani maji yakiwa magotini, akaurudisha mtandao kabla benki hazijafunguliwa, na Jumatatu akapigiwa makofi na kununuliwa chipsi kuku. Ninayapinga makofi hayo. Mtandao unaomtegemea shujaa umejengwa vibaya, na mara nyingi aliyeujenga vibaya ndiye anayepiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Kwa asiye wa fani, jambo lenyewe si gumu. Ruta, swichi na redio za kwenye minara hupokea maagizo kutoka mbali. Fundi anakaa Kijitonyama, anaingia kwenye ruta iliyo juu ya ghorofa Mbagala Rangi Tatu, anabadilisha anachotaka. Shida ni kwamba maagizo hayo yanapita kwenye mtandao uleule ambao ruta hiyo inaubeba. Faiba ikikatwa, au fundi akikosea tarakimu moja kwenye njia kuu, au programu mpya ikigoma baada ya kupakiwa, mlango unafungwa wakati uleule unapouhitaji. Ruta inaweza kuwa nzima kabisa, taa zinawaka, feni inazunguka, na hakuna mtu anayeweza kuiambia lolote.

Dawa yake inajulikana siku nyingi. Unaweka njia ya pembeni isiyogusa mtandao wa wateja: kifaa kidogo kinachoungwa kwenye tundu la konsoli la ruta, tundu ambalo huitika hata ruta ikiwa imepoteza njia zake zote, nacho kina intaneti yake na umeme wake. Njia kuu ikifa, unazunguka. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Temeke ililielewa hili kabla ya sisi wenye shahada: ina mlango wa mbele na mlango wa uani, na kitasa cha mbele kikigoma mtoto anatumwa azungukie nyuma. Lakini mlango wa uani una faida pale tu ambapo uchochoro wa kuufikia haupiti sebuleni, na ufunguo wake haukutundikwa msumarini ndani.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Kabla ya kuanza masomo ya uzamili nilifanya kazi za zamu kwa mtoa huduma mmoja mdogo, ambaye sitamtaja, mwenye wateja kuanzia Yombo mpaka Tegeta. Kwenye kila zabuni aliyoiandika kulikuwa na mchoro, na kwenye kila mchoro kulikuwa na mstari wa nukta nukta wa kijani ulioitwa njia ya akiba. Siku moja nilipewa kazi ya kupita kituo kwa kituo nikiorodhesha njia hizo. Niliikuta milango ya uani karibu kila mahali. Karibu yote ilikuwa imefungwa kwa ndani.

Chukua laini ya simu, ambayo ndiyo akiba ya kawaida huku kwetu. Unanunua modemu ya 4G, unatia laini, unapiga picha, kazi imekwisha. Miezi minne baadaye bando limeisha na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitumia. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa. Kuifufua nako kuna mambo yake: tangu usajili wa alama za vidole, ambao mwisho wake ulikuwa Januari 2020, kila laini ina kidole cha mtu. Laini za vituo kadhaa nilivyovipitia zilisajiliwa kwa kidole cha fundi aliyekwisha kuacha kazi baada ya kugombana na meneja kuhusu posho. Fikiria maana yake. Ufunguo wa nyuma wa mtandao unaohudumia zahanati, shule na vibanda vya mawakala wa pesa ulikuwa mali halali ya mtu aliyeondoka amenuna. Kampuni inaweza kusajili laini kwa jina lake. Inataka karatasi chache na asubuhi moja ya kukaa foleni. Hakuna aliyekwenda.

Hata bando likiwepo, bado. Laini ya kawaida ya simu haina anwani yake ya peke yake kwenye intaneti. Wateja wengi wanachangia anwani moja nyuma ya ukuta wa kampuni ya simu, kwa hiyo huwezi kuibishia hodi kutoka nje. Inabidi kifaa chenyewe kipige simu kutoka ndani, kiende kwenye seva mliyokubaliana, kishike mstari huo usiku na mchana, nawe uje kukutana nacho pale. Aliyeweka modemu bila kulijua hili ameweka mlango usio na kitasa upande wa nje, na atakuja kulijua usiku wa manane.

Waangalifu zaidi huweka laini mbili za kampuni mbili. Ni wazo zuri mpaka uulize mnara ni wa nani. Vodacom na Tigo, ambayo siku hizi inaitwa Yas, ziliiuzia minara yao kampuni ileile, Helios Towers, kisha zikawa zinapanga nafasi juu yake. Sioni ubaya, biashara ya minara iko hivyo Afrika nzima. Ila ina maana kwamba laini zako mbili za rangi mbili zinaweza kuwa zimening'inia kwenye chuma kimoja, zinatumia jenereta moja, zinashukia kwenye faiba moja iliyofukiwa kando ya barabara moja. Na barabara zetu zinachimbwa. Ilichimbwa Kilwa Road kwa ajili ya mwendokasi ya Mbagala, ikafuata ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Kijiko hakisomi majina ya kampuni.

Umeme sitaukalia sana, kila msomaji wa Dar ana shahada ya umeme. Niseme tu kwamba modemu ya akiba niliyoikuta mara nyingi ilichomekwa kwenye betri ileile ya ruta, ili vife pamoja kama maharusi wa kwenye hadithi. Na kituo kilichopo juu ya paa la nyumba ya mtu kinategemea mita ya LUKU ambayo mwenye nyumba anasahau kuijaza. Mei 2021, mfumo wa kununua LUKU ulipogoma kwa siku kadhaa nchi nzima, hata aliyekumbuka hakuwa na pa kununulia.

Lililonichekesha kuliko yote, kwa kicheko kile cha uchungu, ni paswedi. Ruta nyingi hupangwa zisimruhusu mtu kuingia mpaka ziulize seva ya makao makuu kama paswedi aliyoitoa ni sahihi. Ni utaratibu mzuri wa usalama. Sasa mtandao umekatika: ruta inauliza, seva haisikii, nawe umesimama mlangoni na waya umeuchomeka mwenyewe. Ndiyo maana huwekwa akaunti ya dharura inayojitegemea ndani ya kifaa. Ilikuwepo. Paswedi yake ilihifadhiwa kwenye faili la mtandaoni la ofisi, linalofunguka kwa intaneti ya ofisi, iliyokuwa inapita kwenye ruta hiyo.

Najua jibu linalokuja, maana nimelisikia kwenye vikao: hata wakubwa huanguka. Ni kweli. Tarehe 4 Oktoba 2021, kama saa 12:40 jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kwa takriban saa sita. Amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata uti wa mgongo unaounganisha vituo vyao vya data. Programu iliyotakiwa kuizuia amri mbaya ilikuwa na hitilafu ikaipitisha. Seva zao za majina zikajitoa zenyewe kwenye intaneti. Na maelezo ya kampuni yenyewe yalikiri kwamba hata njia yao ya pembeni ilikuwa imelala. Wakatuma watu kwa miguu yao, na watu hao wakacheleweshwa na milango na taratibu za ulinzi wa majengo. Kwa lugha yetu, Facebook nao walikuwa wamebaki na bodaboda.

Miezi tisa baadaye, tarehe 8 Julai 2022, ikawa zamu ya Rogers ya Kanada, yenye wateja zaidi ya milioni 12. Chujio moja la njia liliondolewa kwa bahati mbaya, ruta za katikati zikazidiwa zikaanguka, na mtandao wa kuzisimamia ruta hizo ulikuwa unapita katikati hapohapo. Wafanyakazi hawakuweza kuvifikia vifaa, wala kupigiana simu, kwa kuwa simu zao zilikuwa za Rogers. Wakahitaji laini za washindani wao ili wazungumze. Malipo ya kadi yakakwama nchi nzima.

Anayenitajia kesi hizi kama kisingizio amezisoma nusu. Facebook waliandika kwa mkono wao nini kilivunjika, sikuambii walikuwa malaika. Kanada mdhibiti wa mawasiliano aliagiza uchunguzi huru, ukachapishwa, na ndani yake suala la kuutenga mtandao wa usimamizi likawekwa wazi kwa kila mwanafunzi kusoma. Mimi mwenyewe nimejifunza kutoka humo nikiwa chumba cha kupanga Sinza. Huku kwetu ripoti ya ajali ni ujumbe wa WhatsApp kwa wateja: huduma imerejea, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Ndani ya ofisi ripoti ni fokafoka. Anatafutwa aliyeandika amri ya mwisho, anakatwa posho, na mchoro wa nukta za kijani unaendelea kwenye zabuni inayofuata.

Tulipewa somo kubwa zaidi hapahapa nyumbani. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa kusini. Waziri wa habari wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza kwamba hitilafu ilikuwa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Upande wa kaskazini ulikuwa umeshapunguzwa nguvu na mikongo iliyokatika Bahari ya Shamu mwezi Februari. Ubalozi wa Marekani hapa Dar ulifunga huduma zake kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Mikongo miwili yenye majina mawili na wamiliki tofauti, iliyolala jirani kwenye kipande kimoja cha bahari: ile hadithi yangu ya mnara mmoja wa laini mbili, iliyokuzwa mpaka ikawa nchi.

Watu waliongelea YouTube kuganda. Kuna jambo dogo ambalo halikuongelewa. Ofisi nyingi, hoteli, hata vyuo, siku hizi hununua vifaa vinavyosimamiwa kupitia dashibodi iliyoko ng'ambo. Ni dashibodi nzuri, zina grafu za kupendeza, na mameneja huzipenda kwa sababu zinafunguka kwenye simu. Lakini fundi akiwa Sinza na swichi ikiwa Sinza, hatua kumi kati yao, agizo lake linakwenda Ulaya kwanza ndipo lirudi. Mkongo ukikatika chini ya bahari karibu na Afrika Kusini, fundi wa Sinza hawezi kubadilisha jina la WiFi ya Sinza. Dar ina TIX, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, kwa takriban miaka 20 sasa, mahsusi ili pakiti ya kutoka Temeke kwenda Kinondoni isilazimike kupanda meli. Seva ya kukutania ya njia za akiba ingeweza kukaa ndani ya jiji hili kwa gharama ndogo, na nyingine ikakaa Dodoma au Arusha. Badala yake tunaikodi nje kwa kadi ya mkopo ya mkurugenzi. (Kadi ikiisha muda wake, hilo nalo ni tukio la mtandao.)

Sasa nirudi kwa kijana wa bodaboda, maana huyo ndiye sababu ya hasira yote hii.

Katika ile kazi ya zamu kulikuwa na mwenzetu mmoja, mtoto wa Mtoni, hodari, mcheshi, aliyejua kila kituo kwa harufu ya ngazi zake. Usiku mmoja wa mvua ruta ya upande wa Mbezi Beach ilipoteza njia yake kuu baada ya badiliko lililofanywa kutoka ofisini. Modemu ya akiba ilikuwepo, bando halikuwepo. Akapigiwa simu. Karibu na Afrikana pikipiki iliteleza, mguu ukavunjika sehemu mbili. Ripoti ya tukio niliiona. Iliandika saa ambayo huduma ilikatika na saa ambayo ilirejea, maana alipelekwa mwingine alfajiri, na kwenye safu ya hasara iliandikwa: hakuna. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kisheria, lakini kwenye karatasi hakuwa mfanyakazi. Alikuwa kijana wetu wa saiti, analipwa kwa safari. Ofisi ilimchangia. Mchango ulizungushwa kwenye grupu la WhatsApp kama wa msiba.

Kazi aliyoifuata usiku ule ilikuwa kurudisha mstari mmoja. Na hapa ndipo neno gharama linaponichefua. MikroTik, ruta ambayo imejaa mitaa yote ya Dar, ina hali ya usalama ambayo ukiiwasha kabla ya kubadilisha kitu, muunganisho wako ukikatika inafuta yenyewe ulichokifanya. Juniper ina amri inayosubiri uthibitishe. Usipothibitisha, baada ya dakika 10 mipangilio ya zamani inarudi. Cisco unaweza kuiagiza ijiwashe upya baada ya muda fulani, irudi ilivyokuwa kama hukuhifadhi mabadiliko. Hivi vyote vimo tayari ndani ya kifaa, umeshavilipia. Akiba ya kwanza ya njia ya usimamizi haigharimu hata vocha ya 500. Inataka mtu aandike kwenye utaratibu wa kazi kwamba hakuna anayegusa ruta ya mbali bila kuiwasha, na meneja aheshimu utaratibu huo hata akiwa na haraka.

Yanayobaki yanataka hela kidogo. Kompyuta ya ukubwa wa kiganja, modemu, betri yake yenyewe na kasha la chuma havifiki bei ya bodaboda mpya. Na kuvihamisha kwenda njia ya akiba kusimsubiri mtu: kifaa kipime njia kuu kila dakika, kikiona imekufa kihamie laini ya pili, kikiona imerudi kikae kidogo kihakikishe ndipo kirudi, kisije kikayumba huku na huku usiku kucha. Kitume ujumbe kila asubuhi kusema niko hai na bando langu limebaki kiasi hiki. Asubuhi kisipotuma, hiyo ndiyo taarifa.

Nilipopeleka jambo hili chuoni kama mada ya tasnifu, niliambiwa na mtu ninayemheshimu kwamba hiyo ni kazi ya fundi, nitafute kitu chenye akili mnemba ndani yake. Nimelifikiria sana neno lile, fundi, lilivyotamkwa. Tumewagawa watu wawili: mmoja anachora, mwingine anapanda pikipiki. Anayechora hajawahi kunyeshewa kwenye ngazi za nje za ghorofa la Mbagala saa 10 usiku, kwa hiyo mstari wa nukta unamtosha. Anayepanda pikipiki hajawahi kuitwa kwenye kikao cha mchoro. Kama usomi wetu hauwezi kuuliza modemu imechomekwa kwenye betri ipi, sijui akili hiyo mnemba tutaichomeka wapi.

Kwa hiyo siku hizi, kwenye kila wasilisho ninaloalikwa, nauliza swali moja na nimeshaanza kuchukiwa kwa ajili yake: njia kuu ya kituo hiki ilichomolewa kwa makusudi lini mara ya mwisho, mchana, watu wakiangalia, ili ionekane nani ataingia na kwa wapi? Sitaki mchoro, nataka tarehe. Mara nyingi chumba kinakuwa kimya, halafu mtu wa mauzo anasema kwamba wana timu imara iliyo tayari saa 24.

Basi timu hiyo ichorwe. Kama njia yenu ya pili ni yule kijana, futeni nukta za kijani mumweke yeye: jina lake, mkataba wake, michango yake ya mfuko wa fidia, bima ya afya, helmeti mbili, yake na ya dereva, nauli ya gari usiku wa mvua, na bei ya kila safari ikiandikwa kwenye bajeti ya mtandao, chini ya vifaa.